Mchawi wa Sabuni wa Kambi ya Bati Moja

Kwa heshima na taadhima, umma wote wa Nyarugusu na vitongoji vyake, wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na wanaochungulia maduara ya wenzao, wenye matumbo mazima na wanaosoma tangazo hili wakiwa wamechuchumaa, unaarifiwa kwamba Bi. Anisia, maarufu kwa jina la Mama Loveness, mpika ugali wa kambi ya Bati Moja, ametambuliwa kuwa nguzo ya afya, taa ya usafi na mama wa huruma katika ukanda mzima wa dhahabu. Wanaomfahamu wanaombwa wasicheke mpaka tangazo liishe.

Limeisha. Chekeni.

Huruma na Mama Loveness wanafahamiana kwa kusikia tu. Huyu ni mwanamke ambaye ukimpa shikamoo anakutazama kwanza miguuni, kuona umemletea tope kiasi gani, ndipo aitike marahaba kwa sauti ya mtu anayetema kokwa ya ukwaju. Anapika ugali mgumu, mchuzi mwepesi na maneno mazito. Wachimbaji wanamchukia, yeye anawachukia, na kila siku wakati wa chakula wanakutana kuhakikisha hakuna upande uliolegeza.

Kazaliwa Ushetu, kwenye tumbaku. Utoto wake aliumaliza ndani ya bani, ile nyumba ya kukaushia majani, moshi ukimkaanga macho mpaka yakashika wekundu ambao haujatoka tena. Macho mekundu kwa mwanamke ni jambo dogo ukiwa daktari. Ukiwa jirani, tena jirani aliyefiwa na ng'ombe, ni ushahidi kamili wa uchawi. Shangazi yake alichomewa nyumba kwa macho ya namna hiyo hiyo, akatoka na kanga moja na kuku mmoja. Kuku aliibiwa njiani. Mama Loveness alijifunza mapema kwamba watu ni wabaya, na hakuona sababu ya yeye kuwa tofauti.

Aliolewa Ushirombo, kanisani, kwa vigelegele, na bwana mmoja aitwaye Evance. Evance akafuata dhahabu Chunya. Wengine wanasema aliipata, wengine wanasema alipata mke mwingine. Kwa Mama Loveness ni mamoja, kwa sababu hakuna kimojawapo kilichofika nyumbani. Binti yake, Loveness, akampeleka Shinyanga mjini kujifunza cherehani, na yeye akashuka Nyarugusu na sufuria mbili, mwiko, jagi, na beseni la plastiki la bluu lenye maua kwa ndani, alilolinunua mnadani baada ya kumtukana muuzaji mpaka akapunguza bei.

Beseni hilo lilikuwa la kunawia mikono. Bati Moja watu walikula ugali wa pamoja, sinia moja kubwa, mikono yote ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa sinia kabla hajapita kwenye beseni. Msidhani ilikuwa elimu ya afya. Mama Loveness alikuwa hataki tu kuona vidole vya tope vikichimba ugali wake kana kwamba kuna dhahabu chini.

"Nawa."

"Nimetoka kunawa mwaloni, Mama Loveness."

"Mwaloni wanaoshea dhahabu, umenawa zebaki. Hapa unanawa mikono. Nawa."

Aliyebishana naye zaidi ya wote alikuwa Mayala, mchimbaji kijana kutoka vijiji vya Shinyanga, mrefu, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Mchuzi wako huu," Mayala alisema siku moja, akiwa ameinua bakuli juani ili wenzake waone, "ukimwagwa kwenye duara, mtu wa chini anadhani mvua."

"Na akili yako ikidondoka humo, mtu wa chini hasikii kitu."

Maisha yakawa hivyo, matamu kwa namna yake, mpaka duara likaanza kutema.

Duara kutema maana yake ni kwamba shimo lililokuwa likitoa mawe ya bure limeanza kutoa mawe yenye dhahabu. Siku hiyo mtu mwenye akili timamu huwa haonekani kambini. Silvesta, mwenye duara, mtu mfupi mwenye tumbo la mtu mrefu, alimpigia simu mtaalamu wake. Usiniulize mtaalamu wa nini. Simu ikawekwa spika ili wachimbaji wote wasikie. Mtaalamu akasema dhahabu ni mwali. Ikisikia harufu ya sabuni inajua wamekuja wageni, inahamia duara la jirani. Kwa hiyo, tangu wakati huo mpaka mawe yote yamalize kusagwa kwenye karasha: hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kunawa. Maji ya kunywa yaliruhusiwa, baada ya mjadala.

Mayala ndiye aliyetumwa kuchukua vifaa vya uhalifu.

"Mama Loveness, naomba beseni, jagi na sabuni. Amri ya bosi."

"Bosi anataka kuoga? Leo kuna harusi?"

"Hakuna kunawa. Duara linatema."

"Kwa hiyo mtakula na mikono hiyo hiyo?" Akaonyesha kwa mwiko upande wa choo cha kambi, kijumba cha turubai ambacho maji hayajawahi kukiona wala kukisikia. "Mikono inayotoka kule, inakuja hapa, kwenye ugali wangu?"

"Nyota haioshwi."

"Nyota yako umeificha kwenye kucha?"

Mayala akainama, akalibeba beseni la bluu, jagi na sabuni ndani yake, akageuka kwenda. Hapo Mama Loveness akasimama mlangoni mwa kibanda chake, akapiga kelele zilizosimamisha hata wanaozungusha winchi ya kutolea mawe:

"Chukua! Litakutafuta hilo beseni! Utaharisha, mwanaharamu wewe, utaharisha mpaka uniite mama!"

Kambi nzima ilicheka. Kambi nzima ilikumbuka.

Mmoja tu aliikataa amri. Nasibu, mzungusha winchi, mtu wa swala tano, alisema udhu haungoji karasha, akaendelea na birika lake pembeni. Wenzake hawakumpiga, walimfukuza kwenye sinia. "Utatuoshea nyota, sheikh. Kalie huko." Nasibu akawa anakula peke yake, sahani yake ubavuni mwa kibanda cha mpishi, akimsikiliza Mama Loveness akiwalaani wengine, jambo ambalo anakiri liliongeza ladha. Mama Loveness mwenyewe alikula jikoni kama siku zote. Mwanamke haketi kwenye sinia la wachimbaji, na hata angekaribishwa, angetaka kwanza wanawe mikono.

Sasa ikatokea kwamba mchimbaji mmoja alirudi kutoka msibani Ushirombo na tumbo linalonguruma. Mkono wake ukaingia chooni, ukatoka chooni, ukaingia kwenye sinia. Hiyo ndiyo safari nzima ya ugonjwa. Haina ungo, haina fisi, haina mzimu wa mtu yeyote.

Kibanda cha Mama Loveness kilitazamana na njia ya chooni, kwa hiyo alikuwa shahidi wa kwanza bila kupenda. Mwanzoni walipita wakikimbia, na yeye akafurahi, kwa sababu kukimbia ni dalili kwamba Mungu anasikiliza. Halafu akaacha kufurahi. Kuhara kwa maji humkimbiza mtu. Huku kulikuwa kunamkalisha. Mtu anaingia, anakaa, unamsikia anaguna kama anayevuta gunia, anatoka jasho linamtiririka, anafika katikati ya njia, tumbo linamsokota, anageuka, anarudi, na safari hii hakuna kinachotoka ila kamasi na damu. Homa juu yake. Mchana wa jua kali, mtu mzima anatetemeka ndani ya koti. Watu hawakusemezana, maana kila mmoja alidhani ni aibu yake peke yake, na mwanaume wa Bati Moja yuko tayari kuzikwa kuliko kueleza kilichotoka.

Silvesta akatibu. Alinunua dukani pakiti moja ya rangi mbili, vile vidonge vya gamba vya rangi mbili ambavyo huku hutibu jipu, kikohozi, kisonono na mapenzi ya kukataliwa, akasimama mbele ya watu wake akawagawia, mtu kidonge, mtu kidonge, kama padri siku ya komunyo. Mayala chake alikimeza na gongo ili kiwahi. Wakaongezewa na vya kufunga tumbo. Tumbo likafunga kweli, kwa muda. Wadudu wakabaki humo ndani mlango umefungwa, wakaendelea na shughuli. Homa ikapanda. Walipofunguka tena, hakuna aliyesimama.

Duara likanyamaza. Winchi ikakosa wa kuizungusha. Na Silvesta, kwa kuwa hakuwa na mawe ya kuhesabu, akaanza kuhesabu watu.

Aliwakusanya wachache walioweza kuegemea kitu, akamwita Mama Loveness mbele.

"Watu wangu wote wako chini," alisema. "Ukiniondoa mimi ninayekula kwangu, wazima kambi hii mko wawili. Mmoja anashinda na birika. Mwingine anashinda na macho hayo. Siku Mayala alipochukua beseni, ulisema nini?"

"Nilisema mengi. Taja unalotaka."

"Ulisema ataharisha mpaka akuite mama."

"Ameshaniita?"

"Bado."

"Basi kazi haijaisha."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka, na Mama Loveness akaona nyuso zile alizosimuliwa na shangazi yake.

"Mtaalamu anafika kesho," Silvesta alisema taratibu. "Atanyoosha kidole mwenyewe. Lakini sikia, Mama Loveness. Mayala akifa kabla hajafika, sisubiri kidole. Kibanda chako ni nyasi na nailoni. Hakitamaliza hata lita moja ya petroli."

Mkutano ukavunjika. Nasibu akamfuata jikoni, anaongea kwa kunong'ona.

"Ondoka, Mama Loveness. Sasa hivi. Nitakusindikiza mpaka barabarani."

"Nikiondoka nimekiri. Watanishika kabla sijapata bodaboda."

"Na ukikaa?"

"Nikikaa, yule mjinga anakufa na mimi naungua."

"Basi tumwombe Mungu asife."

"Mungu ana kazi zake. Mayala anataka maji."

Akaenda kumwona. Mayala alikuwa amelala chini ya turubai, na ule mdomo wake ulikuwa umefunga kwa mara ya kwanza tangu ubatizo. Macho yameingia ndani. Midomo imepasuka. Alipoulizwa alikojoa lini, alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali. Mama Loveness akamfinya ngozi ya tumbo, kama anavyofinya donge la unga. Ngozi ikabaki imesimama, haina haraka ya kurudi. Mtoto wake aliwahi kuwa hivyo, na hakungoja mtaalamu. Alimbeba mgongoni kwenda zahanati huku akimtukana Evance njia nzima.

"Usimguse!" Mchimbaji mmoja aliinuka ameshika sepetu, akayumba, sepetu ikamsaidia kusimama. "Mchawi! Toka! Humgusi mtu huyu!"

"Anataka zahanati."

"Anataka mtaalamu!"

Kubishana na mtu mwenye homa na sepetu si busara. Kumbembeleza Silvesta hakuna aliyewahi kufanikiwa. Mama Loveness akasimama pale juani, akafikiri kwa muda ambao unatosha ugali kuungua. Kisha akaenda katikati ya kambi, akapanda juu ya kiroba cha mawe.

"Haya!" akapaza sauti. "Mnamtaka mchawi? Ni mimi."

Silvesta, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano ya jioni nzima, alibaki kama mtu aliyeparamia mlango kwa bega akakuta haukufungwa.

"Nimemfunga Mayala tumbo," Mama Loveness aliendelea. "Nyinyi wengine mmefungwa kwa kuwa mlikaa karibu naye. Na hakuna wa kufungua ila mimi. Mtaalamu wenu akimgusa kabla yangu, Mayala anakufa, wewe Silvesta unamfuata, na duara linajaa maji."

La maji kwenye duara ndilo lililomgusa.

"Dawa umeiweka wapi?"

"Nimeizika. Uwanja wa zahanati, chini ya dirisha la nesi."

"Kwa nini zahanati?"

"Ningeizika kwako ungeiona."

Hilo lilikubalika. Mtu akikuletea uongo wenye akili, unaheshimu.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Anapelekwa leo, jua halijashuka. Atakayembeba ananawa kwanza, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, na kucha azisugue. Msiniambie habari za nyota. Nyota zenu nimezifunga mimi, hakuna kilichobaki cha kuosha. Na njiani anakunywa maji yangu, kidogo kidogo, hata akitapika anapewa tena."

Akachemsha maji, akayapooza, akapima lita moja kwenye chupa, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akatikisa huku midomo ikicheza. Waliokuwa mbali wanaapa alikuwa akiita mizimu ya Ushetu. Nasibu, aliyekuwa karibu, anasema alikuwa anahesabu vijiko.

Kwa hiyo ile barabara ya vumbi ikaona msafara usio wa kawaida: guta la kubebea mawe, Mayala ndani yake kama kiroba, Nasibu akiendesha, Silvesta pembeni na kidumu cha petroli mkononi, hakuficha, na mwanamke wa macho mekundu akimnywesha mgonjwa kwa kijiko huku akimwambia, "Meza, mbwa wewe. Ukifia humu nitakuzika na hilo guta."

Nesi Agnetha ni mtu wa pili kwa ukali katika kata nzima, na siku hiyo wa kwanza alikuwa amemtembelea.

"Mmemchelewesha mnataka nini? Kaburi la serikali? Leteni hapa. Ameanza lini? Damu ipo? Kamasi je? Homa? Anakwenda hapati kitu? Mmempa nini?"

"Rangi mbili," Silvesta akasema, kwa fahari kidogo.

"Ngapi?"

"Kimoja. Kila mtu kimoja. Niligawa sawa."

Nesi Agnetha akaacha alichokuwa akifanya. "Bhabha, hao ni bakteria. Kimoja hakiwaui. Kinawapeleka jeshini, wanarudi wamefundishwa kupigana na dawa. Na tumbo mkalifunga pia?"

"Likafunga vizuri."

"Linahara damu, mnalifunga! Nyumba inaungua, nyie mnafunga milango!"

Mgonjwa hakuweza tena kunywa vya kutosha, akatundikiwa dripu. Choo chake kikachukuliwa kwenda kupimwa. Dawa ya bakteria ikaanza. Silvesta alitazama yote hayo kama mtu anayetazama maigizo, akingoja sehemu yenyewe.

"Nesi," akauliza hatimaye, "na kile alichozika chini ya dirisha lako?"

"Alichozika nani? Hapa hakuna cha ucha—"

Mama Loveness akamkanyaga mguu. Akamkanyaga barabara, kwa kisigino.

"Nesi," alimnong'oneza sikioni kwa upole ambao haujaonekana kabla wala baada, "dawa yangu na dawa yako zinafanya kazi pamoja. Bosi akiambiwa vingine, anamchukua mtu wake anaondoka naye. Ana mtaalamu anakuja kesho."

Nesi Agnetha alikuwa na miaka yake kwenye kazi hiyo. Alishawaona wagonjwa wakichomolewa dripu na ndugu zao na kupelekwa kuchanjwa chale. Akamtazama Silvesta. Akakitazama kidumu. Akauvuta mguu wake.

"Sawa," akasema. "Mzimu wake huyu mama naujua. Una masharti makali sana. Dawa nitakayotoa inamalizwa yote, hata kama mtu amepona anacheza mpira. Hakuna kugawana, hakuna kubakiza ya kesho. Kila akitoka chooni anakunywa maji ya chumvi na sukari. Hakuna dawa ya kufunga tumbo. Na wote wenye damu na homa huko kambini naletewa hapa, kila mmoja na kopo lake la choo. Ukivunja sharti moja, mzimu unahamia kwa bosi."

"Kwangu?" Silvesta akasema.

"Unapenda matumbo makubwa," akasema Mama Loveness.

Wakakaa nje, ukutani, asubuhi ikawakuta hapo hapo: mwanamke na mwanaume waliochukiana, katikati yao petroli. Silvesta alipoinuka kwenda haja na kurudi, akaambiwa, "Nawa," naye akanawa, kisha akakasirika kwamba amenawa.

Asubuhi Mayala alikojoa. Kwa kawaida hiyo si habari, lakini nesi alitoka kuitangaza kama matokeo ya uchaguzi. Wakasogea dirishani: Silvesta, Nasibu, na wachimbaji walioletwa na guta kwa awamu, kila mmoja na kopo lake, amelificha chini ya koti. Mama Loveness akaingia ndani. Mayala akafungua macho, akahangaika nayo mpaka yakatua usoni mwake.

"Mama," akasema. "Maji."

Pale dirishani mtu aliangusha kopo. Silvesta akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Lile neno lilikuwa limetimia mbele ya macho yao, kama lilivyotamkwa mlangoni mwa kibanda: ameharisha mpaka amemwita mama. Kazi imeisha. Amefunguliwa.

Mama Loveness hakuwa na habari nao. Alimwekea chupa mdomoni, akangoja ameze, kisha akainama karibu kabisa na sikio.

"Mama yako yuko Shinyanga," alimwambia. "Beseni langu liko wapi?"

Mayala akafumba macho tena.

Mtaalamu alifika jioni yake, na mkoba, na msaidizi wa kubeba mkoba. Akakuta mchawi amekwisha kukiri, mgonjwa amekwisha kufunguliwa, na kidole chake hakina pa kunyooka. Alikitazama kwa huzuni. Akasema nguvu zake zilitangulia zikafanya kazi akiwa njiani. Akaondoka na mbuzi.

Wachimbaji wakapona, mmoja mmoja, kwa kununa, wakimaliza dawa zao zote kwa kuogopa mzimu unaopenda matumbo makubwa. Usidhani walimshukuru mtu. Duara lilipokataa kutema tena walijua sababu ni sabuni, na wanalisema hilo mpaka leo, kwa sauti ndogo, baada ya kunawa. Wanawake wa mwaloni wakaacha kumwazima Mama Loveness chumvi. Watoto wakizungushwa na michezo karibu na kibanda chake, mama zao huwaita kwa majina yote. Mtu aliyejitangaza mchawi juu ya kiroba cha mawe hawezi kushuka akasema alikuwa anatania. Petroli ilirudi kwenye jenereta, lakini kila mtu anajua lilipo jenereta, na yeye anajua kwamba wanajua.

Nje ya choo cha Bati Moja sasa kuna kidumu kimening'inizwa kwenye kijiti, kimetobolewa, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Juu yake hakuna bango la afya. Mama Loveness amefunga tu kitambaa chekundu. Hakuna anayepita bila kunawa.

Habari zilifika mbali, na zikiwa njiani zikavuliwa uchawi na kuvishwa suti. Siku moja Donatus, bwana afya, alikuja na gari, spika mbili na hotuba. Watu wakakusanywa karibu na karasha. Donatus alieleza namna ya kuutambua ugonjwa wa kuhara damu, akaeleza faida za kunawa, akaeleza kwa nini antibiotiki si pipi za kugawana, na kwa kweli alieleza vizuri. Kisha akamwita Mama Loveness mbele, akamvisha kanga mpya begani, akaitengeneza sauti yake.

"Ndugu wananchi! Mtu huyu alitukanwa. Alitishiwa maisha. Wengine wangekimbia. Lakini yeye, kwa moyo wa mama, kwa upendo usiobagua, alimwokoa kijana aliyekuwa adui yake! Mayala, simama wakuone!"

Mayala akasimama, amenenepa, anatazama viatu vyake.

"Mama Loveness," Donatus akasema, akimsogezea kipaza sauti, "waambie wananchi. Saa ile umemwona Mayala yuko hoi, na wewe unaweza kukimbia, ni kitu gani kilikusukuma?"

Karasha lilizimwa ili jibu lisikike. Mama Loveness akaikagua kanga upande mmoja, akaikagua upande wa pili. Akamtazama Mayala kwa macho yake mekundu mpaka kijana akaanza kurudi nyuma.

"Ana beseni langu," akasema. "Hajalileta mpaka leo."